Neno la Mhariri: Wafu Wetu, Usingizi na Roho

Igoma, jijini Mwanza, yapo makaburi ya waliokufa MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Ndugu wakisimama hapo humwomba Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi, kama tuombavyo katika kila msiba. Ombi hilo fupi limebeba imani mbili. Msabato hulishika neno “ailaze”: wafu wamelala, hawajui lolote hadi parapanda ilie. Mkatoliki hulishika “peponi”: mwili umezikwa, roho iko hai mikononi mwa Mungu, na kwa hiyo tarehe 2 Novemba huwaombea marehemu katika misa. Ukanda huu wa ziwa una familia nyingi zenye waumini wa pande zote mbili, na ubishi huu huzuka matangani, wakati mioyo ingali mibichi. Ndiyo maana tumeutengea toleo zima.

Naamini sehemu kubwa ya ubishi huo imebebwa na neno letu “roho”. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, Adamu akipuliziwa pumzi, Mwanzo 2:7, anaitwa nafsi. Wafia imani walio chini ya madhabahu, Ufunuo 6:9, wanaitwa roho. Msomaji hudhani ni vitu viwili, lakini Kiyunani kina neno lile lile, psykhe, katika Ufunuo na katika tafsiri ya kale ya Mwanzo. Hivyo anayeisoma Ufunuo kwa Kiswahili na kuona kitu kilichochomoka mwilini anategemea, bila kujua, uamuzi wa mfasiri. Vivyo hivyo, anayeitegemea “nafsi” ya Mwanzo kuthibitisha kwamba mtu ni kitu kimoja kisichogawanyika hana budi kueleza Mathayo 10:28, ambako psykhe hiyo hiyo haiuawi na wanaoua mwili.

Mtu atasema: badilisha neno upendavyo, wafia imani wale wanalia, na anayelia anajua. Ni kweli, ingawa kitabu hicho kinasema kwa maono, na madhabahu yake si ya mawe. Kwangu andiko gumu zaidi kwa upande wa usingizi ni Wafilipi 1:23, Paulo anapotamani kuondoka ili akae na Kristo. Jibu kwamba aliyelala hahesabu saa, hivyo kufa na kufufuka kwake ni mara moja, lina nguvu, lakini haliniridhishi kabisa. Hata hivyo, Paulo huyo huyo, akiwaandikia Wathesalonike waliofiwa, hakuwafariji kwa kuwaambia kwamba wafu wao wamekwisha kufika mbinguni. Aliwaambia watafufuliwa. Faraja yake aliitia nanga hapo, nasi tungefanya hivyo kabla ya kuulizana marehemu anajua nini sasa.

Je, hilo halifuti sala kwa wafu? Andiko ambalo Wakatoliki hulitumia kuitetea, 2 Wamakabayo 12, linamsifu Yuda Makabayo kwa sababu aliwatolea wafu wake sadaka akiuwazia ufufuo. Bila tumaini hilo, linasema, sala ingekuwa ya bure. Wala swali lenyewe halikuletwa na Wasabato. Papa Yohane XXII alihubiri mwaka 1331 kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu uso kwa uso kabla ya hukumu, hadi Benedikto XII alipolifunga jambo hilo mwaka 1336. Luther alipenda kusema habari za usingizi. Calvin akaandika kuupinga mwaka 1534.

Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, watu walikaa ufukweni siku kadhaa wakingoja miili iopolewe. Hakuna aliyeridhika kuambiwa kwamba roho zimekwisha kwenda. Walitaka mtu wao, kwa mikono na uso wake, na katika kutaka huko walikuwa karibu na Paulo kuliko mahubiri mengi yanayotolewa makaburini.