Mikutano ya Mbali Ifuate Saa ya Bunia

Kongo ina kanda mbili za saa. Kinshasa ikitimu saa kumi na moja jioni, Bunia tayari ni kumi na mbili na jua linazama. Bunia iko karibu na longitudo ya digrii 30 mashariki, kwa hiyo saa na jua haviachani, na giza huingia karibu wakati uleule mwaka mzima. Mfanyakazi wa shirika anayekaa mtaa wa Nyakasanza mjini Bunia, mwenye wakubwa New York, huitwa mkutanoni saa nane mchana ya kule, ambayo kwake ni saa tatu usiku, au saa mbili Wamarekani wanapokuwa katika saa zao za kiangazi. Mwezi Machi Marekani husogeza saa wiki kadhaa kabla ya Ulaya, na ratiba ya Bunia huyumba ingawa Kongo haibadilishi saa kabisa.

Shirika ambalo kazi yake iko Ituri, jimbo la Bunia, lipange mikutano kwa saa ya Ituri. Nafasi ipo: saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi alasiri Bunia, au saa tisa wakati wa kiangazi chao, na Geneva na Kinshasa nako watu wako kazini. Kinachotakiwa ni mkubwa wa New York kufungua kompyuta mapema kidogo, jambo ambalo halijamuua mtu. Gharama ya usiku ni nyingine kabisa. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Anayebaki ofisini atarudi nyumbani kwa pikipiki gizani, na anayewahi kurudi atanunua mega za intaneti kwa fedha zake na kuomba betri ya sola isizime katikati ya maneno.

Wapo wanaosema mwenye fedha ndiye mwenye saa. Lakini mfadhili ananunua habari sahihi kutoka Ituri, na mtu aliyechoka usiku husema ndiyo ili mkutano uishe. Hoja ya dharura ina uzito zaidi: Ebola ya 2018 hadi 2020 ilifika Ituri, na mashambulizi hayangoji asubuhi. Hapo simu ipigwe saa yoyote. Ila mikutano mingi ni ya kila wiki, ya kupitia jedwali ambalo lingetumwa kwa barua pepe. Ni kweli pia kwamba timu changa inahitaji kusikiana sauti. Lakini mtandao unapokatika, anayeshinda mjadala ni mwenye Kiingereza chepesi, huku anayefanya kazi kwa Kifaransa na Kiswahili akibaki kimya. Kwenye maandishi angepima maneno yake na kupinga inapobidi.

Na mkutano wa usiku ukishindikana kuepukwa, shirika lilipe mega na usafiri, saa hizo zihesabiwe kuwa za kazi, na kesho yake mtu aruhusiwe kuingia kwa kuchelewa.