Risala ya Wasanii wa Jiji la Tanga kwa Mstahiki Meya

Mstahiki Meya,
Waheshimiwa Madiwani,
Mkurugenzi wa Jiji na wataalamu wako,
Ndugu wananchi,



Tunakushukuru kwa kukubali kutusikiliza. Sisi waimbaji wa taarabu, wanamuziki wa dansi, wacheza ngoma, waigizaji, wachoraji na waandishi tumekuja na neno moja: sanaa iandikwe kwenye mpango wa maendeleo wa jiji na itengewe fungu.

Mstahiki Meya, Tanga ina haki ya kujivunia. Mshairi Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909. Katika miaka ya 1960 na 1970, vikundi vyetu vya Black Star na Lucky Star viliingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu, na mtindo huo ukavuka hadi Mombasa. Mwimbaji marehemu Bi Shakila Saidi alipitia Black Star. Bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilitoka hapa hapa. Hayo yote yalikuja kabla Tanga haijapewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Sasa jiji tunalo, lakini haya ndiyo yanayotusikitisha.

Kwanza, tunaitwa kutumbuiza, hatuitwi kupanga. Mgeni akija, ngoma inatafutwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, na malipo mara nyingi ni nauli na soda. Vipaumbele vinapoibuliwa mitaani na kwenye kata, hutajwa barabara, zahanati na madarasa. Hatupingi hata kimoja. Lakini kisichoandikwa kwenye mpango hakipati fedha.

Pili, sheria inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni sheria njema. Hata hivyo, mzee wa kiume wa miaka 60 aliyepiga besi maisha yake yote hana mlango wa kuingilia humo kama hana ulemavu.

Tatu, tunafanya mazoezi kwenye nyua za watu mpaka majirani wanachoka. Wakati huohuo ardhi inapanda bei: bandari imepanuliwa, na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa kwetu Chongoleani. Kiwanja kisipotengwa leo, kesho hakitapatikana.

Nne, kumbukumbu zinapotea. Santuri nyingi za bendi zetu zilichapwa Kenya, kwa kuwa nchini hakukuwa na kiwanda. Wazee wanaojua nani alipiga nini wanaondoka mmoja mmoja, na hakuna anayewarekodi.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Uandaliwe mpango wa sanaa na utamaduni wa miaka 5, wasanii wakiwemo tangu rasimu ya kwanza, na fungu lake lisomwe katika bajeti ya kila mwaka.

2. Wawakilishi tuliowachagua wenyewe waalikwe kwenye vikao vinavyojadili utamaduni.

3. Kitengwe kiwanja chenye hati kwa ajili ya nyumba ya sanaa yenye ukumbi, vyumba vya mazoezi na hifadhi ya sauti na picha.

4. Viwekwe viwango vya malipo vya maandishi kwa hafla za umma, na kikundi kilipwe ndani ya siku 30.

5. Vyombo vya muziki vitambuliwe kuwa mtaji halali katika maombi ya mikopo, na wasanii wazee watafutiwe mfuko wao.

Nasi tunaahidi kujisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), kulipa tozo zinazotuhusu, kufundisha ngoma na ushairi katika shule za jiji, na kukusanya santuri na picha kutoka kwa familia zetu ili zihifadhiwe.

Mstahiki Meya, tunaomba majibu kwa maandishi kabla Baraza la Madiwani halijapitisha bajeti ijayo, ili kila msanii ajue lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani.

Tunaomba kuwasilisha.

Wasanii wa Jiji la Tanga