Fundi wa Nyumbani: Picha ya kaseti inaruka-ruka ndani ya ordinatere



Mwezi huu tunajibu ulizo ambalo linarudia mara mingi. Hapa kwetu, Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, jamaa mingi zingali na kaseti ndogo za kamera, zile za MiniDV zilizotoka mwaka 1995. Ndani yake muko ndoa, matanga, kwaya, mtoto anayeanza kutembea. Watu wanataka kuzitia ndani ya ordinatere mbele hazijaharibika. Lakini wanapojaribu, picha inaruka-ruka: bibi-arusi anainua mguu mlangoni, mara moja amekwisha kufika mbele, sauti ya baba inakatika katikati ya neno. Tufanye namna gani?

Kwanza tufahamu sababu. Kaseti ikizunguka, kamera inatuma karibu megabaiti 3,6 kila sekunde, na haingoji mtu. Ni sawa na bomba lisilofungika: mwenye kukinga maji akichelewa kubadilisha ndoo, maji inamwagika. Ordinatere ikichelewa kuandika, picha zile zinaanguka chini, hazirudi. Njo sababu ya kuruka. Basi tufuate mambo haya moja-moja.

1. Tafuta kosa liko wapi. Tazama kaseti ndani ya kioo kidogo cha kamera yenyewe. Kama picha inaruka hata pale, usisumbue ordinatere. Ukiona miraba midogo-midogo kama viraka vya nguo, mara mingi kichwa cha kusoma kina uchafu, na vumbi ya kwetu munaijua. Tumia kaseti ya kusafishia, sekunde zile tu ambazo karatasi yake inasema, kwani inakwaruza. Usitie kidole wala kitambaa. Kaseti iliyolala miaka mingi, uipeleke mpaka mwisho na kuirudisha mpaka mwanzo, kisha uisome. Na kama kamera iliyoichukua ingali nzima, tumia ile ile.

2. Angalia waya. Kamera nyingi za MiniDV ziko na mlango wa USB, lakini mara mingi ule ni wa picha za kusimama ao video ndogo. USB ya kwanza ilibeba megabiti 12 kwa sekunde. Picha ya DV peke yake inataka 25. Waya unaofaa ni FireWire, ambao Sony waliuita i.LINK. Zima kamera mbele ya kuuingiza, wala usiusukume kwa nguvu: ukiingia kinyume unaweza kuunguza mlango. Ordinatere nyingi za leo hazina mlango huo. Usidanganyike na kale kawaya ka bei ndogo kenye FireWire upande mmoja na USB upande mwingine. Hakapitishi video ya kaseti. Afazali kutafuta ordinatere ya zamani yenye mlango wenyewe.

3. Angalia diski. Saa moja ya kaseti inakula karibu gigabaiti 13. Andika ndani ya diski ya ordinatere, si ndani ya kifunguo cha USB. Kama video inakatika kila mara karibu na dakika 19, diski ile imetengenezwa kwa namna ya FAT32, ambayo haipokei faili kupita gigabaiti 4. Inafaa iwe NTFS. Lakini angalisho: kuitengeneza upya kunafuta yote, toa vitu vyako kwanza.

4. Pumzisha ordinatere. Funga programu zingine, intaneti, na programu ya kutafuta virusi. Ordinatere ya mkononi iwe kwenye umeme, kwani ikiwa kwenye betri inapunguza nguvu. Betri ya kamera nayo ijae, kusudi umeme ukikatika kamera isizimike. Tena usiogope haraka: picha unayoiona wakati wa kuchukua inaweza kuruka, na faili iwe nzuri. Ihukumu faili kisha kazi. Programu nyingi zinahesabu picha zilizoanguka. Hesabu nzuri ni 0.

5. Angalia aina ya kamera. Iliyotoka Ulaya ni PAL, picha 25 kwa sekunde. Iliyotumwa na ndugu wa Marekani ni NTSC, karibu 30. Programu ichague ile ile.

6. Kuko mambo yanayofanana na kosa hili. Ukiona mistari kama meno ya kitana mtu anapotembea, hakuna picha iliyoanguka. Kaseti inaandika mistari kwa zamu mbili, na programu ya kutazamia inaweza kuiunganisha. Na kamera za AVCHD, za tangu mwaka 2006, hazitumi mtiririko. Unanakili faili tu. Zikiruka, mara mingi ordinatere ni dhaifu kwa kuzifungua. Nakili kadi yote, jaribu kwenye ordinatere yenye nguvu, na usifute kadi mbele ya kuhakikisha.

Neno la mwisho kwa vijana, kwa sababu kazi hii ni yenu. Anza na kaseti isiyo na maana kubwa, kusudi ujifunze nayo. Sukuma kale kafungo ka mgongo wa kaseti upande wa SAVE, mtu asije kuandika juu yake. Weka nakala mbili, katika nyumba mbili. Usitupe kaseti yenyewe.

Saa moja ya kaseti inachukua saa moja ya kuihamisha. Hakuna njia ya mkato. Musiipoteze saa hiyo. Wakalisheni wazee karibu, mushike daftari, muandike: huyu ni nani, huyu alitoka kijiji gani, wimbo huu nani aliuanzisha. Katika nyumba zingine sauti ya mama aliyekufa iko pale tu, ndani ya kaseti moja. Kamera zinazoweza kuisoma zinapunguka kila mwaka, na wanaojua majina vilevile.