Kabla Upagawe na Viza ya Majuu, Soma Stori ya Wangari na Kware

Mei 2025 Marekani iliposimamisha kupanga mahojiano mapya ya viza za wanafunzi, wasee kibao mtaani waliona maisha yameisha. Juni mahojiano yakarudi, lakini sasa wanachungulia hadi akaunti zako za mtandaoni. Noma sana. Ila kuna swali watu hawaulizi: ukishafika huko, unarudi na nini?

Cheki Wangari Maathai. Wengi tunamjua kwa miti na Nobel ya 2004, tunasahau mathe alikuwa mtu wa maabara. Alipaa 1960 na ile safari ya Wakenya karibu 300, akasoma bayolojia Kansas, kisha Pittsburgh akawa anachunguza kwa darubini tezi ndogo ya kwenye ubongo wa kware. Kware, jamani! Ungemuuliza hiyo italipa rent gani Nairobi?

Na aliporudi 1966, kazi ya chuo aliyoahidiwa, tena kwa barua, akapata imepewa mtu mwingine. Unaijua hiyo feeling. Kilichomwokoa ni wale kware. Profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, alikuwa idara ya anatomia ya mifugo na alihitaji mtu anayejua kuandaa tishu za kuwekwa kwa darubini. Huyo ndiye alimsukuma aende Giessen na Munich 1967. Kufikia 1971 alikuwa na PhD, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki.

Sasa utamu uko hapa. Baadaye aliingilia utafiti wa kupe wanaosambaza ndigana kali. Kupe huwezi kuwapata ofisini, lazima uende kwa ng'ombe. Huko akakuta ng'ombe wamekonda, nyasi hakuna, mito imejaa tope mvua ikinyesha. Akaona shida kubwa ya huyo ng'ombe hata si kupe, ni ardhi yenyewe. Ongeza akina mama waliokuwa wanalia hawana kuni wala maji safi, na 1977 Green Belt Movement ikaanza.

Mimi niliacha chuo, so sina haki ya kumpiga mtu lecha. Lakini nikiona vile mabeste zangu wanahangaika na fomu za skolashipu, wakifika pale pa kueleza utafiti wao utasaidia nchi vipi, huwa nawakumbusha tasnifu ya Wangari ilihusu nini: ukuaji wa tezi za uzazi za ng'ombe. Miti haikuwa kwenye hiyo fomu.