Yai, Siki na Wimbo wa Watoto

Humpty Dumpty, wimbo wa watoto wa Uingereza uliochapwa tangu mwaka 1797, wasimulia aliyeanguka ukutani asiungike tena, wala hautaji popote kwamba yeye ni yai, ingawa ndivyo achorwavyo; nami naona mwalimu auimbishaye kisha akanyamaza huwadhulumu wanafunzi, ilhali yai bichi na bilauri ya siki vyatosha kuwa darasa. Litumbukizwapo, mapovu madogo hulivaa kama shanga, kwani siki huila chokaa ya ganda na kutoa hewa ukaa. Baada ya siku mbili husalia utando laini, na mtoto, akiisha kuliosha taratibu, huliinua kwenye nuru akaona kiini kikielea ndani, kisha akaliachia kutoka kimo cha vidole viwili, likadunda bila kupasuka.