Eti kompyuta haijui Kĩembu?

Nimekuwa kimya hapa karibu mwezi mzima. Kazi za watu, mvua, stima kupotea kila jioni, mnajua wenyewe. Leo naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Wiki iliyopita tulimzika nyanya ya rafiki yangu karibu na Runyenjes. Alikuwa mama wa kanisa, na familia ilitaka wimbo alioupenda uchapishwe nyuma ya programu ya mazishi (ile programu nyingine, si hizi zetu). Uchapishwe kwa Kĩembu, maana ndiyo lugha aliyoimbia maisha yake yote. Karatasi 300 zikachapishwa mjini Embu. Siku yenyewe tulipozifungua, kila penye ĩ na kila penye ũ palikuwa na kisanduku kitupu. Mjukuu aliyepewa kusoma alikwama kwenye mstari wa kwanza, akakunja karatasi, akaketi. Watu wakaimba kwa kumbukumbu tu.

Jumatatu nikaenda kwenye duka lililochapisha. Jina silitaji, sina ugomvi nalo. Mwenyewe ni mzee mpole, akanijibu kwa upole: "Kijana wangu, kompyuta haijui Kĩembu. Inajua Kiingereza na Kiswahili."

Sentensi hiyo ndiyo imenifanya niandike. Simlaumu mzee. Nawalaumu waliomfundisha, na waliomfundisha ni sisi: watu wa kompyuta wa Embu, Meru na Chuka.

UONGO WA KWANZA: KOMPYUTA HAIJUI

Herufi ĩ ina namba yake katika Unicode: U+0129. Herufi ũ ni U+0169. Unicode 1.1 ya mwaka 1993 tayari inazo. Yaani herufi hizi zina umri mkubwa kuliko mimi! Si hivyo tu. CLDR, ile hazina ya majina ya siku, miezi na tarehe inayotumiwa na simu na kompyuta nyingi duniani, ina Kĩembu kwa msimbo ebu na Kĩmĩrũ kwa msimbo mer. Kwenye Linux, mpangilio wa kibodi wa Kenya una chaguo la Kikuyu, na unatoa herufi hizo hizo. Kompyuta inajua. Anayesema haijui ni mtu.

Sasa visanduku vilitoka wapi? Vilitoka kwenye fonti. Yule kijana wa dukani alichagua fonti ya mapambo iliyopakuliwa mahali, na aliyeichora hakuchora ĩ wala ũ. Programu ikikosa umbo la herufi ina njia mbili: kuazima umbo kutoka fonti nyingine, au kuchapa kisanduku. Programu huria nyingi kama GIMP na Inkscape hutumia maktaba iitwayo Pango, ambayo huazima. Matokeo hayapendezi sana, herufi moja inakuwa na sura ya ukoo mwingine, lakini angalau wimbo unasomeka.

Na fonti zenyewe? Sikilizeni kisa hiki. Mwaka 2003 fonti za Bitstream Vera zilitolewa kwa leseni inayoruhusu kuzibadilisha. Zilikuwa nzuri, lakini zilibeba hasa herufi za Ulaya Magharibi. Mwaka uliofuata mtu mmoja akaanza kuongeza herufi zilizokosekana kwa ajili ya lugha yake, wengine wakamfuata, na hivyo ikazaliwa DejaVu. Leo DejaVu ina ĩ na ũ. Hakuna aliyeomba ruhusa ya mkurugenzi yeyote. Hiyo ndiyo maana ya neno "huria". Watu hudhani maana yake ni "bure". Bure ni bahati tu, haki ya kurekebisha ndiyo mali yenyewe.

UONGO WA PILI: GIMP HAIFAI

Huu nausikia Makutano pale Meru, nausikia Embu, nausikia hata kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. "Niliijaribu, mbovu." Uliijaribu lini? "Nikiwa fomu tatu."

Wajameni! Programu si jiwe. GIMP 2.10 ilitoka Aprili 2018. GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025, karibu miaka 7 baadaye, ikiwa imehamia GTK3. Sasa unaweza kuweka kichujio juu ya picha, kisha kesho ukirekebishe au ukiondoe bila kuharibu picha yenyewe. Unaweza kuyapa maandishi mzingo wa rangi na bado ukaendelea kuyahariri, jambo ambalo kila mtengeneza mabango ya harambee analihitaji. Na jambo linalonifurahisha zaidi: toleo 3.0.2 lilitoka wiki moja tu baada ya 3.0, kusahihisha hitilafu zilizoripotiwa na watumiaji katika siku hizo chache. Wiki moja!

Sitawadanganya kwamba kila kitu kiko sawa. Mchapishaji anataka CMYK, na GIMP bado haina hali kamili ya kuhariri picha katika CMYK. Toleo 3.0 lina hakikisho la rangi za uchapishaji na linaweza kutoa faili za CMYK kwa aina kama TIFF na JPEG, basi. Ukitaka PDF ya mtambo, tumia Scribus, ambayo toleo lake 1.6 la Januari 2024 lilikuja na injini mpya ya kupanga maandishi. Mtu akiniambia "GIMP haina CMYK kamili" nitamkubalia. Akiniambia "GIMP mbovu" nitamuuliza toleo gani.

UONGO WA TATU: NAKALA YA WIZI NI BURE

Tangu Adobe ilipotangaza Mei 2013 kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa kulipia kila mwezi, nakala za wizi ndizo zinazopita kwenye flashi diski kutoka duka hadi duka. Kila mtu anajua, hakuna anayesema.

Sitaki kuhubiri maadili. Nataka tuzungumzie masahihisho. Novemba 2023 GIMP 2.10.36 iliziba matundu ya usalama katika msimbo wa kufungua faili za PSD, DDS na PSP. Faili lililotengenezwa kwa hila lingeweza kuendesha msimbo wa mwizi kwenye kompyuta yako, kwa kufunguliwa tu. Sasa fikiria duka linalopokea PSD kutoka kwa kila mteja anayeingia mlangoni. Mwenye programu huria alipakua toleo jipya, mambo yakaisha. Mwenye nakala ya wizi amezima masasisho ili isije ikagundulika. Ameufunga mlango wa mganga kwa kuogopa polisi.

SASA ZAMU YETU

Hapa ndipo hasira yangu inaponirudia mwenyewe.

Mwaka mzima nililalamikia hitilafu fulani ya maandishi katika programu moja ya michoro. Nililalamika kwa marafiki, nikalalamika kazini, nikacheka nikisema Wazungu hawajali lugha zetu. Siku nilipopata haya na kuingia kwenye orodha ya hitilafu ili niripoti, nilikuta mtu mwingine ameshairipoti, imeshasahihishwa, na mimi ndiye niliyekuwa natumia toleo la zamani. Mtu mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta! Nilikuwa sina tofauti na yule wa "nikiwa fomu tatu".

Kuna Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia pale Nchiru, kuna Chuo Kikuu cha Embu, kuna Chuka katikati. Kila mwaka tunatoa watu wanaojua kuandika msimbo. Wangapi kati yetu wameripoti hata hitilafu moja?

Na tusidhani kunyamaza hakuna gharama. Mwaka 2022 Mesa 22.0, maktaba inayochora picha kwenye skrini za Linux, iliondoa viendeshi vya zamani kutoka kwenye msimbo mkuu na kuviacha kwenye tawi la pembeni liitwalo Amber. Laptopu nyingi za mitumba tunazonunua hapa zina chipu za Intel za enzi hizo. Zimeendelea kupata masahihisho kwa sababu Dave Airlie wa Red Hat aliandika kiendeshi kipya, Crocus, kilichoingia Mesa mwaka 2021, kwa ajili ya chipu za vizazi vya 4 hadi 7. Zile kuukuu zaidi, za kizazi cha pili, zilibaki kwenye Amber. Watengenezaji hawakutuonea. Hawawezi kujali mashine wasiyojua kwamba bado kuna mtu anaitumia. Sisi ndio tunaoitumia, na sisi ndio tulionyamaza.

CHA KUFANYA

1. Kabla ya kulalamika, angalia namba ya toleo lako. Kisha sakinisha jipya, ujaribu tena.
2. Tafuta kama hitilafu imesharipotiwa. GIMP wako kwenye GitLab ya GNOME, Inkscape kwenye GitLab, Krita kwenye Bugzilla ya KDE.
3. Ukiripoti, andika: toleo, mfumo wako, ulichofanya hatua kwa hatua, ulichotarajia, kilichotokea. Ambatisha faili dogo. Usiandike "haifanyi kazi".
4. Bando ni ghali, najua. Tumia git clone --depth 1, usivute historia yote tangu miaka ya tisini.
5. Jaribu kila programu na neno hili: Kĩmĩrũ. Ukiona kisanduku, umepata kazi ya kufanya.

Alhamisi nilirudi kwa yule mzee na flashi diski yenye DejaVu na Noto (jina Noto lenyewe linatokana na nia ya kumaliza visanduku hivyo). Tukasakinisha kwa dakika tano. Nikauandika ule wimbo upya, tukachapa karatasi moja. Mzee akavaa miwani, akausoma polepole mpaka mwisho, kwa sauti, mbele ya wateja. Kisha akauliza: "Na hii yote ilikuwepo?"

Ilikuwepo, mzee. Nikakosa la kuongeza. Karatasi 300 zilikuwa zimeshagawiwa, na nyanya ameshazikwa.