Barua ya Wazi kwa Tume ya Haki za Binadamu: Tamkeni Kwamba Katiba Inatuhesabu Nasi

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya (KNCHR),
Nairobi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mkazi wa Westlands, mwanamume anayependa wanaume, mlipa kodi na mpiga kura. Naomba jambo moja. Tume itamke hadharani kwamba matusi, ubaguzi na vitisho tunavyokumbana navyo kwenye programu za simu za kutafutia wapenzi ni suala la haki za binadamu, na kwamba anayeumizwa anaweza kulalamika bila kugeuzwa mshtakiwa.

Ambaye hajawahi kuzitumia programu hizi huenda akadhani ni mchezo wa vijana. Sivyo. Grindr, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009, na nyingine za aina yake, hukuonyesha wanaume walio karibu nawe wakiwa wamepangwa kwa umbali: huyu yuko mita mia, yule nusu kilomita, mwingine kilomita tatu. Katika mji ambamo wanaume wawili hawawezi kushikana mikono kwenye stendi ya matatu, wengi wetu tulijua kwa mara ya kwanza kupitia skrini hiyo kwamba hatuko peke yetu. Wapo waliopata marafiki wa kudumu, wapo waliopata wapenzi, na wapo walioelekezwa kliniki isiyowadharau.

Westlands ndipo unapoliona jambo hili waziwazi. Eneobunge letu limebeba Kitisuru ya wenye nacho na Kangemi ya wasio nacho pamoja. Kutoka ghorofa za Rhapta hadi Kangemi ni safari fupi ya matatu kwenye Waiyaki Way. Kwenye skrini, kijana anayeuza mitumba Kangemi na mhasibu wa ofisi zilizo karibu na Sarit wanakaa bega kwa bega, jambo lisilotokea kwingineko katika mtaa huu. Ingekuwa neema. Lakini kabla hujamsalimia mtu unakutana na mabango ambayo watu wameyaandika kwenye wasifu wao: "Hakuna Kangemi, hakuna Eastlando." "Wanene na maqueen, piteni." "Wanaume kamili pekee." "Wakimbizi na Waganda, msinitumie meseji." "Wala fare, shindweni." "Wazungu tu."

Nina rafiki anayefanya kazi saluni, kijana mwembamba mwenye sauti laini. Alinionyesha mazungumzo yake na mtu aliyekuwa umbali mfupi tu kutoka alipokuwa. "Uko wapi?" "Kangemi, karibu na stage." "Aii. Uko clean lakini?" Akajibu kwamba alipimwa. Mwenzake akaomba ujumbe wa sauti, akatumiwa. Jibu likaja: "Kumbe we ni queen. Sitaki msenge wa kuongea kama dem. Nyinyi ndio mnatuchomea." Kisha akafungiwa. Usiku huo rafiki yangu alifuta picha yake ya kutabasamu, akaweka ya kifua kisicho na kichwa, na chini yake akaandika: "Mwanaume kamili, msiri."

Waheshimiwa, naomba mlitazame hilo neno "mnatuchomea". Aliyelisema alikuwa akiogopa. Kwake, kijana mwenye mwendo na sauti ya kike ni moshi utakaowaonyesha majirani moto uliko. Hofu hiyo haikuzaliwa kwenye simu. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kutoka kwa utawala wa Mwingereza, kinatishia mapenzi ya wanaume kwa kifungo cha hadi miaka 14, na cha 165 hadi miaka mitano. Mei 24, 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Mtu anayeishi chini ya tishio hilo hujifunza kumkwepa mwenzake anayeonekana, kisha kumtukana, ili yeye mwenyewe asionekane. Ndiyo maana naleta mashtaka haya kwenu na siyaachi kwa wenye programu peke yao. Maneno mengi tunatupiana wenyewe kwa wenyewe, na sitalificha hilo. Lakini tumeyaokota nje, shuleni, kanisani, msikitini, bungeni na redioni.

Nimesikia watu wakisema kwamba mapenzi ni hiari, na kila mtu ana haki ya kuchagua. Ni kweli. Hakuna sheria inayoweza wala inayopaswa kumlazimisha mtu kumtamani asiyemtamani. Lakini kuchagua hakuhitaji bango. Anayependa wanaume warefu anaweza kuwaandikia warefu na kuwapita wafupi kimya kimya. Anayeandika kwamba Waganda wasimsogelee anamtangazia kila apitaye kwamba kuna watu wa daraja la chini. Baada ya Uganda kutia saini sheria yake dhidi ya mapenzi ya jinsia moja Mei 2023, wengine walivuka mpaka wakitafuta hifadhi kwetu. Mtu aliyekimbia kwao kwa sababu ya alivyo, kisha akakutana na bango hilo Nairobi tena kwa watu wa aina yake, amefukuzwa mara mbili.

Swali la "uko clean?" nalo lina madhara ya kiafya. Linamfanya mwenye virusi vya Ukimwi aonekane mchafu. Kenya ilizindua matumizi ya PrEP, dawa za kuzuia maambukizi, mwaka 2017. Sayansi imethibitisha kwamba mtu mwenye virusi anayemeza dawa za ARV ipasavyo hadi virusi vikawa havionekani kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Anayejua hayo na kumeza dawa zake kila siku huenda akawa salama zaidi kuliko anayejiita "clean" kwa kipimo cha mwaka juzi. Lakini akisema ukweli wake anatukanwa, na wakati mwingine mazungumzo yake yanapigwa skrinishoti na kusambazwa. Matokeo yake ni watu kudanganya, au kutopima kabisa ili wasiwe na la kudanganya. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 ililinda siri ya hali ya mtu ya virusi. Kwenye simu, siri hiyo inadaiwa kama ada ya kiingilio.

Kisha kuna wanaotumia maneno hayohayo kama silaha ya wizi. Njia yao inajulikana kwa kila anayezitumia programu hizi Nairobi. Mtu anakuchangamkia, picha nzuri, lugha tamu. Anakualika kwake, au anaomba kuja kwako. Mlango ukishafungwa, wanaingia wengine, mmoja akijiita polisi, mwingine kaka wa mwenyeji. Unavuliwa nguo, unapigwa picha, unaulizwa namba ya siri ya M-Pesa. Salio likiisha wanakukopea Fuliza, mkopo wa M-Pesa. Wakati wote huo wanakuita majina, na majina hayo ndiyo kazi yenyewe: shoga, msenge, tutamwambia mama yako, tutawatumia kanisa lenu, tutampigia bosi. Hawahitaji bunduki. Wanahitaji neno moja tu na orodha ya watu wako kwenye simu.

Baadaye ufanye nini? Uende kituoni, umwambie afisa wa zamu aandike kwenye kitabu cha matukio kwamba umeibiwa? Atakuuliza ulimjuaje mtu huyo na mlikutana kwa shughuli gani. Jibu la kweli linakutoa kwenye benchi la mlalamishi na kukusogeza kwenye seli. Wahalifu wanalijua hilo kuliko mawakili, na hapo ndipo biashara yao ilipo. Ndiyo pia sababu ya barua hii kutokuwa na jina.

Nasema haya nikijua kwamba sheria inayotulinda ipo. Februari 24, 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba NGLHRC, shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, lina haki ya kusajiliwa, na ikaeleza kwamba Kifungu cha 27(4) cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa msingi wa mwelekeo wa kimapenzi. Kifungu cha 33 kinasema uhuru wa kujieleza haufiki kwenye uchochezi wa chuki unaotokana na misingi ileile ya ubaguzi iliyotajwa katika Kifungu cha 27(4). Ukiviweka vifungu hivyo viwili pamoja, jibu liko wazi: kuhubiri chuki dhidi yetu hakulindwi na Katiba. Kifungu cha 28 kinatupa heshima na cha 31 kinatupa faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataja mwelekeo wa kimapenzi na hali ya afya miongoni mwa taarifa nyeti za mtu. Serikali ile ile inayonitishia kifungo imeandika kwenye sheria zake kwamba siri yangu inastahili ulinzi wa pekee.

Wala si jambo geni nchini kwa chombo cha umma kuyashughulikia maneno. Aprili 2022, kabla ya uchaguzi, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilitangaza orodha ya maneno ya chuki, likiwemo "madoadoa", neno la kuwaita majirani wa makabila mengine, ambalo Bonde la Ufa linalikumbuka kwa moto na makaburi. Nchi ilikubali wakati huo kwamba neno hutangulia panga. Sisi tunaomba busara hiyohiyo.

Januari 2023 mwili wa Edwin Chiloba, mwanamitindo na mtetezi wa haki zetu, ulipatikana ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara Uasin Gishu. Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Eldoret ilimhukumu aliyemuua miaka 50 gerezani. Hukumu hiyo ilituonyesha kwamba sheria ya Kenya inaweza kutuhesabu tukishakufa. Tunaomba ituhesabu tukiwa hai.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza ni tamko. Tume itoe taarifa kwa Kiswahili na Kiingereza, ikieleza kwamba kumtapeli, kumtishia, kumwanika au kumtukana mtu kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi au hali yake ya virusi ni ukiukaji wa haki, awe amekutwa kwenye programu yoyote ile. Mliwahi kutusikiliza: uchunguzi wenu wa umma kuhusu haki za afya ya uzazi na ujinsia, uliotoa ripoti mwaka 2012, uligusa masaibu yetu. Tamko halihitaji kusubiri Bunge.

La pili ni mlango. Kifungu cha 59 kinaipa Tume mamlaka ya kupokea na kuchunguza malalamiko. Shirikianeni na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data mweke utaratibu wa siri, ambapo mtu anaweza kuleta skrinishoti na namba ya muamala wa M-Pesa bila kuulizwa alilala na nani. Kubalianeni pia na Inspekta Jenerali wa Polisi kwamba anayeripoti wizi wa kutishiwa hatashtakiwa kwa maelezo aliyoyatoa akiripoti.

La tatu ni kuziita kampuni mezani. Grindr yenyewe ilianzisha kampeni dhidi ya lugha ya kibaguzi mwaka 2018, na mwaka 2020 ikatangaza kuondoa kichujio cha kuwapanga watu kwa asili yao. Ilifanya hivyo baada ya kulalamikiwa kwa miaka. Desemba 2021 mamlaka ya data ya Norwe iliitoza faini ya kroni milioni 65 kwa kugawa taarifa za watumiaji bila idhini halali. Kumbe kampuni hizi husikia zikiguswa. Msiogope kwamba ziko mbali: Septemba 2024 Mahakama yetu ya Rufaa ilikubali kwamba Meta, mmiliki wa Facebook, inaweza kushtakiwa Kenya na waliokuwa wakichuja machapisho yake hapa Nairobi. Vijana wanaojua kuchuja maneno wapo jijini humu, na Sheng wanaizungumza. Kampuni ziwaajiri kwa malipo na matunzo yanayostahili, na mashirika yanayotutetea kama NGLHRC, galck+ na Ishtar yasaidie kuandaa orodha ya maneno yanayoumiza. Kichujio kinachojua matusi ya Kiingereza pekee hakitaona hatari katika "tutakuchomea".

Na kwa wenzangu mtakaosoma barua hii: futeni mabango hayo leo, kabla ya tamko lolote. Tukidai heshima kwa Tume huku tukimnyima kijana wa Kangemi, madai yetu yatakosa miguu ya kusimamia.

Waheshimiwa, kila Desemba 10 ulimwengu huadhimisha Siku ya Haki za Binadamu. Tunaomba maadhimisho ya mwaka huu yabebe tamko hilo, lenye jina na muhuri wa Tume. Afisa wa zamu akilisoma, ajue la kuandika kwenye kitabu chake. Anayetishia watu kwa picha zao akilisoma, ajue kwamba mlalamishi ana pa kwenda. Na aliyeibiwa akilisoma, ajue mlango wa kugonga kesho yake asubuhi.

Wenu katika kuitetea Katiba,

Mkazi wa Westlands, Nairobi